Hamu ya Saa Kumi

Kila mwaka, majuma machache kabla ya Komunyo ya Kwanza, chumba cha Annastella hujaa kitambaa cheupe. Kiko mezani, kiko kitini, kimening'inia ukutani. Akina mama wa Bukoba huja mmoja mmoja na mabinti zao. Kila mama husema anataka gauni la kawaida tu. Halafu anauliza jirani yake ameagiza la namna gani. Annastella huandika vipimo na kucheka moyoni.

Annastella alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alishona pamoja na rafiki yake, Violeth, katika chumba kimoja karibu na soko. Walikuwa na vyerehani viwili, meza moja ya kukatia na pasi moja. Mumewe, Mwijage, alikuwa bwana shamba huko Ngenge, wilayani Muleba. Alikaa huko siku za kazi. Kila Ijumaa alirudi Bukoba na matope kwenye buti, na Jumatatu asubuhi aliondoka tena.

Ilipofika saa kumi jioni, mafundi hawa wawili waliacha kazi kidogo. Walisimama kwenye mlango wa nyuma. Violeth alitoa mfukoni kitu kidogo mfano wa kalamu nene. Ilikuwa sigara ya umeme, ambayo watu huiita vepu. Haitaki kiberiti na haina majivu. Ndani yake mna betri na maji yenye ladha. Ukivuta, betri inayapasha moto yale maji, nayo yanakuwa mvuke. Yao ilikuwa na ladha ya embe. Walivuta, wakawasema wateja wao kidogo, kisha wakarudi kwenye vyerehani.

Zamani Violeth alivuta sigara za kawaida. Lakini sigara na kitambaa cheupe havipatani. Cheche moja inatoboa gauni, na harufu haitoki hata ukifua mara tatu. Basi akahamia kwenye vepu. Annastella yeye hakuwa amevuta kitu chochote maishani. Msimu mmoja wa magauni kazi ilimzidi, kichwa kikamuuma, rafiki yake akamwambia aonje. Alionja. Alijisikia ametulia. Kesho yake akaonja tena, na baada ya miezi mitatu akawa na vepu yake mwenyewe.

Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Sasa aliivuta asubuhi kabla ya chai. Aliivuta bafuni. Aliivuta akiwa na hasira, na aliivuta akiwa na furaha. Mazoea yana taabu.

"Huu ni mvuke tu," Violeth alipenda kusema. "Ni kama ule unaotoka ukifunua sufuria ya ndizi."

Mwijage hakujua. Harufu ya embe aliidhani ni ya mafuta ya kujipaka. Mama mkwe naye hakujua, na huyo ndiye Annastella aliyemwogopa zaidi. Mama mkwe aliitwa Immakulata, nao wote walimwita Mae, yaani mama kwa Kihaya. Aliishi Kaagya, kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa. Mumewe, mzee Kahangwa, alivuta sigara tangu ujana mpaka mapafu yakaharibika, akafa akitafuta pumzi. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuwasha sigara katika ua wa Mae. Hata mgeni wa heshima aliambiwa aende akavutie barabarani. Annastella alimpenda sana bibi huyu. Ndiyo maana aliogopa.

Kisha mimba ikaingia. Annastella na Mwijage walikuwa wamengoja miaka sita. Walikuwa wamesali na kupima hospitalini, na walikuwa wamechoka kuulizwa maswali na ndugu. Mwijage alipopigiwa simu alishindwa kuzungumza, akabaki anapumua tu. Mae alipopata habari alikuwa shambani, na majirani walimsikia akipiga vigelegele peke yake katikati ya migomba.

Annastella alianza kliniki. Muuguzi wa pale alikuwa Nesi Renatha, ambaye pia alikuwa jirani yake, nyumba ya tatu kutoka kwake. Siku ya kwanza Renatha alimwuliza maswali ya kwenye kadi. Je, anakunywa pombe? Hapana. Je, anavuta sigara? Hapana. Annastella alijibu bila kusita. Hakuona kama amedanganya. Sigara ni sigara, alijiambia, na vepu ni vepu.

Lakini kabla hawajaondoka, Renatha aliwafundisha akina mama wote pamoja. Alizungumzia chakula, chandarua na vidonge vya kuongeza damu. Halafu akazungumzia tumbaku.

"Na ile ya umeme pia," alisema. "Wengi wanadhani ni maji na ladha tu. Nyingi zina nikotini, hata kama boksi lake halisemi. Nikotini ndiyo dawa ileile iliyomo kwenye tumbaku. Ndiyo inayomfanya mtu atake tena na tena. Mama akivuta, inaingia kwenye damu yake, inavuka, inamfikia mtoto. Inabana mishipa inayompelekea mtoto chakula na hewa. Inaweza kudhuru ubongo wake na mapafu yake vinavyokua."

Mama mmoja alicheka, akasema nani Bukoba hii anavuta vitu vya wazungu. Wengine wakacheka pia. Annastella alicheka nao, huku mkono wake umekamata tumbo. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni hiyohiyo aliamua kuacha. Alimpa Violeth vepu yake na kumwambia, "Nitunzie."

Sasa mtu anayeacha kitu hasemi nitunzie. Lakini Annastella hakuliona hilo. Siku ya kwanza ilipita. Siku ya pili kichwa kiliuma, akamjibu mteja vibaya, akalia kwa sababu uzi umekatika. Siku ya tatu, saa kumi, Violeth alisimama mlangoni kama kawaida. Harufu ya embe ikaingia ndani. Annastella alinyoosha mkono bila kusema neno. Violeth naye akampa bila kusema neno. Hakuwa na nia mbaya, masikini. Alimwonea huruma rafiki yake.

Jumapili Annastella alikwenda Kaagya kumsalimia mama mkwe. Alipiga goti kidogo na kusema, "Waitu kasinge," kama mkamwana anavyomsalimia mkubwa wake. Mae akaitikia, akamketisha, akamletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Hiyo ndiyo heshima ya mgeni huko. Kahawa huchumwa, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, na hukaushwa. Wahaya huiita akamwani. Mgeni huchukua mbili tatu, akatafuna polepole huku mazungumzo yakiendelea.

Annastella alitafuna mbili. Akagundua jambo. Mdomo ulikuwa na kazi, na vidole vilikuwa na kazi. Kwa nusu saa nzima hakuikumbuka vepu. Akaomba afungiwe kidogo za kwenda nazo nyumbani. Mae alifurahi mno. Mkamwana wa mjini kupenda vitu vya nyumbani si jambo la kila siku. Akamjazia mkebe mzima.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Akamwani ni ya kutafuna mbili tatu na mgeni. Annastella alizitafuna kama mtu anayetafuna bisi. Alitafuna asubuhi, alitafuna akishona, alitafuna kitandani. Kila hamu ya vepu ilipokuja, alitia kahawa mdomoni. Aliona amepata dawa ya bure, tena ya nyumbani.

Siku ya nne moyo ulianza kwenda mbio. Mikono ilitetemeka. Alishona upindo wa gauni ukaenda kombo, akafumua, akashona, ukaenda kombo tena. Tumbo lilimchoma. Usingizi ulimkataa kabisa. Akaogopa. Alijiambia kwamba sasa vepu inatoka mwilini na inampiga. Na kama inampiga yeye mtu mzima namna hii, mtoto aliye tumboni inamfanyaje? Kumbe kuacha ni hatari kuliko kuendelea.

Basi akamwendea Violeth, akachukua vepu yake. Na kwa kuwa moyo bado ulikuwa unakwenda mbio, akaendelea kutafuna kahawa ili atulie. Aliruka majivu, akakanyaga moto.

Juma lililofuata ilikuwa zamu yake ya kliniki. Renatha alimpima shinikizo la damu. Akamshika mkono, akahesabu mapigo. Akahesabu mara ya pili. Akamwuliza kama ametembea kwa haraka. Annastella akasema hapana, amekaa kwenye benchi saa nzima. Renatha alifunga mlango.

"Dada, niambie unachokula na unachokunywa," alisema. "Chote."

Annastella alitaja ndizi, maharage, samaki, chai. Renatha alingoja. Alikuwa na tabia ya kungoja, hasemi kitu, anakutazama tu kwa upole, mpaka wewe mwenyewe unasema.

"Na kahawa ya kutafuna," Annastella alisema.

"Ngapi kwa siku?"

"Sijui. Mkebe umebaki nusu."

"Mkebe ulioupata lini?"

Alipomwambia ni juma lililopita, Renatha aliweka kalamu chini. Alimwuliza kwa nini. Hapo Annastella alishindwa kujizuia. Alilia, na akiwa analia alisema yote. Alisema habari za saa kumi na mlango wa nyuma, za kadi aliyojibu hapana, za siku nne za mateso. Akasema amemwua mtoto aliyemngoja miaka sita.

"Hujamwua mtu," Renatha alisema. "Lala hapo tumsikilize."

Akamwekea kipimo tumboni. Kwa muda palikuwa kimya. Kisha ikasikika sauti ya haraka, tu-tu-tu-tu, ndogo na yenye nguvu. Annastella aliziba mdomo kwa mikono miwili. Alijisikia kama mtu aliyetuliwa gunia la kahawa kutoka kichwani.

Renatha alimpa maji ya kunywa, akakaa karibu naye, akamweleza pole pole. Ule moyo kwenda mbio, kule kutetemeka na kukosa usingizi, sehemu kubwa ni kahawa. Kahawa ina kafeini. Kidogo haina neno, lakini mjamzito hapaswi kuzidisha, na mkebe ule ni zaidi ya kuzidisha. Kuacha nikotini nako kuna maumivu yake. Kichwa kinauma, hasira zinakuja, usingizi unasumbua, hamu inabana. Siku tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi. Baada ya hapo inapungua, na kwa wengi baada ya majuma matatu au manne inakuwa imelegea sana. Maumivu hayo yanasumbua, lakini hayamdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni kuendelea kuvuta.

"Kwa hiyo mwili wangu ulikuwa unalalamikia kahawa," Annastella alisema.

"Ulikuwa unalalamikia kahawa, nawe ukaupa vepu. Punguza kahawa kidogo kidogo kwa siku chache, usije ukaumwa kichwa mara mbili. Vepu, iache leo."

Annastella aliuliza kama kuna dawa. Renatha alisema zipo dawa za kusaidia kuacha, kama bazoka za kutafuna na plasta za kubandika zenye nikotini kidogo. Lakini mjamzito asijinunulie mwenyewe dukani. Kama atashindwa, watamwona daktari pamoja, na daktari ndiye atakayeamua. Kwanza wajaribu bila dawa, ila safari hii wajaribu vizuri.

"Nimejaribu mara mbili," Annastella alisema. "Mimi ni dhaifu."

"Watu wengi hujaribu mara nyingi kabla ya kufaulu. Wewe ulijaribu peke yako. Chombo ulikiacha kwa rafiki. Saa kumi ulikaa palepale mlangoni, karibu na mtu anayevuta. Na nyumbani hakuna anayejua, kwa hiyo hakuna anayekusaidia. Nani angeweza?" Renatha alitabasamu. "Tena wahenga walisema, mficha uchi hazai. Nawe unataka kuzaa."

Annastella alicheka huku machozi hayajakauka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu alijua maana yake. Ilikuwa lazima waambiwe Mwijage na Mae.

Mwijage alirudi Ijumaa. Alivua buti, akaoga, akala. Annastella akamwambia. Alizungumza akiitazama meza. Mwijage akauliza swali moja tu.

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili."

Alitoka nje. Annastella alimsikia akifagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya kawaida. Alisema limemuuma kwamba hakuambiwa. Kisha akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Marehemu baba yake alijaribu kuacha sigara mara tatu. Kila alipoonekana anavuta tena, nyumba nzima ilimgombeza, watoto kwa mama yao. Mwishowe akawa anakwenda kujificha migombani na kuvutia huko.

"Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza tumsaidie nini," Mwijage alisema. "Kesho twende kwa Mae."

Njia ya kwenda Kaagya siku hiyo Annastella aliiona ndefu kuliko siku zote. Walimkuta Mae akianika kahawa uani. Walisalimiana, wakakaribishwa, na kikapu kidogo kikaletwa. Annastella alikisogeza pembeni kwa heshima. Mae aliona. Akamtazama mkamwana, akamtazama mwanawe, akaketi.

Annastella alianza kusema kwa Kiswahili, akaona maneno hayatoki, akamalizia kwa Kihaya. Alisema anavuta. Si sigara, lakini ni ndugu yake sigara. Alisema ameambiwa kwamba inamfikia mtoto. Alisema amejaribu kuacha mara mbili, ameshindwa, na kahawa aliyoomba haikuwa kwa mapenzi ya nyumbani. Akainamisha kichwa. Alingoja kuambiwa aende akasimame barabarani.

 Mae alichukua punje moja ya kahawa, akaiviringisha kwenye vidole, akairudisha kikapuni.

"Nilimgombeza Kahangwa miaka kumi na minane," alisema. "Nilidhani kugombeza ni dawa. Ningekuwa daktari, ningesema mgonjwa alimeza dawa kutwa mara tatu na hakupona." Alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwana wange, umekuja mwenyewe kuniambia. Yeye hakuweza kuniambia, kwa sababu ya mdomo wangu. Sasa niambie. Inakukamata saa ngapi?"

"Wakati wowote, Mae. Lakini zaidi saa kumi."

"Inakaa muda gani?"

Annastella alikumbuka maneno ya Renatha. Hamu haidumu. Inapanda, inakaa dakika chache, kisha inashuka yenyewe kama hukuilisha.

"Basi saa kumi utanipigia simu," Mae alisema. "Nitasema mpaka ipite. Kusema mimi sishindwi, muulize mwanangu."

Mwijage alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Annastella hakuweza kucheka. Alikuwa amelala magotini pa mama mkwe wake, analia kama mtoto, na Mae alikuwa anampigapiga mgongoni akimwambia anyamaze, atamshtua mjukuu.

Jumatatu Annastella alianza upya. Vepu yake aliipeleka kwa Renatha mwenyewe, kwa mkono wake. Alimweleza Violeth kila kitu. Violeth alinuna. Alisema watu wa kliniki wanapenda kutisha watu. Lakini Annastella hakubishana naye. Alimwomba mambo mawili tu, asimpe hata akiomba, na akavutie mbali, upande wa pili wa jengo. Violeth aligeuka akaendelea kushona. Saa kumi ilipofika, alisimama mlangoni, akafikiri, kisha akaenda mbali.

Annastella alibaki na hamu yake.  Akapiga simu.

Mae alipokea na kuanza moja kwa moja, bila salamu. Alisema mbuzi wa jirani yake Bartholomayo ameingia tena kwenye kibanja. Safari hii amekula maharage, na alipofukuzwa amekimbia na kofia ya katekista aliyekuwa anapita. Katekista naye amemkimbiza mbuzi, Bartholomayo amemkimbiza katekista, na mpaka sasa haijulikani nani amemkamata nani. Annastella alicheka mpaka akashika mbavu. Alipotazama saa, dakika saba zilikuwa zimepita. Hamu ilikuwa imeshuka. Alikunywa glasi ya maji, akarudi kwenye cherehani.

Siku zilikwenda hivyo. Siku nyingine hadithi ilikuwa ya kuku, siku nyingine ya mgomba ulioanguka, siku nyingine ya ugomvi wa kwaya. Asubuhi, badala ya vepu kabla ya chai, Annastella alitembea mpaka kwa Renatha na kurudi. Mkononi alishika kipande cha kitambaa na sindano, maana mkono uliozoea kushika kitu hukitafuta. Mwijage alipiga simu kutoka Ngenge kila jioni. Hakuuliza "Umevuta?" Aliuliza, "Leo ilikuwaje?" Ni maswali mawili tofauti kabisa, nawe msomaji ukijaribu utaona.

Siku ya kumi na tatu alianguka. Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Komunyo, na magauni matano hayajapigwa pasi. Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni akipiga kelele. Violeth alikuwa ameacha vepu yake mezani. Annastella aliichukua, akavuta mara moja. Kisha akaitupa chini, akampigia Mae.

"Nimevuta, Mae. Nimeharibu yote."

"Umevuta mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara ya pili ulivuta?"

"Hapana. Nimekupigia."

"Basi umenipigia," Mae alisema. "Kahangwa hakupata mtu wa kumpigia. Mpe huyo mama kiti, mpe maji, malizieni magauni. Kesho ni siku yako ya kumi na nne, si siku ya kwanza."

Jumatatu Renatha alimwambia maneno yaleyale kwa njia ya kliniki. Kuteleza siku moja si kurudi. Tazama ni nini kilichokutelezesha, kiondoe, uendelee. Kilichomtelezesha kilikuwa kazi nyingi na vepu iliyoachwa mezani. Kwa hiyo msimu ule ulipokwisha, Annastella alipunguza oda. Na Violeth, ambaye siku ile alimwona rafiki yake akilia sakafuni, hakuleta tena vepu ndani ya chumba. Hakuna aliyemwamuru.

Mwezi ukaisha, ukaanza mwingine. Kikohozi kidogo cha asubuhi, ambacho Annastella alikidhani ni vumbi la vitambaa, kiliondoka. Alilala vizuri. Tumbo lilikua. Aliwapa wageni akamwani kwenye kikapu kidogo, na yeye akachukua moja tu, ya adabu.

Alasiri moja alikuwa anakata kitambaa cha sare za kwaya. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, na redio ya jirani ilikuwa inaimba. Simu ikalia. Alikuwa Mae, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi.

"Uko salama? Mtoto yuko salama?"

"Tuko salama, Mae. Kuna nini?"

"Ni saa kumi na moja na nusu. Hukupiga."

Annastella aliangalia saa ukutani. Mkasi ulikuwa bado mkononi. Alijichunguza moyoni, kama mtu anayepapasa mfuko kutafuta kitu, na hakukikuta.

"Mae," alisema, "nimesahau."

 Kisha Mae akasema kwa sauti ndogo, "Umesahau." Akalirudia neno lile mara mbili. Alimshukuru Mungu, alimtaja Kahangwa kwa jina, na Annastella akajua kwamba kule Kaagya bibi yule analia. Naye akaketi juu ya kitambaa cha kwaya akalia pia. Violeth aliacha cherehani, akaja kumshika bega, akauliza kuna msiba gani. Akaambiwa. Halafu akauliza kama huyo Nesi Renatha anawaona na watu wasio wajawazito.

Mtoto alizaliwa miezi michache baadaye, wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili, na sauti ya kuamsha wodi nzima. Mwijage alifika kutoka Ngenge na matope yake kwenye buti, wauguzi wakamfukuza akanawe kwanza. Mae alimpokea mjukuu, akamweka kifuani, akasikiliza anavyovuta pumzi. Alimsikiliza kwa muda mrefu sana. Ilikuwa inaingia na kutoka vizuri, bila kukwama mahali popote.